Mutobe wa Hitima

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitarajia ushujaa halafu akajuta kupoteza muda wake. Watu wakisimulia miaka ile ya vita Bujumbura, husimulia walivyowaokoa wenzao. Mimi ni wa upande wa waliookolewa. Niliokolewa mara mbili katika wiki moja ya Ramadhani, na wanawake wawili, na kilichotaka kuniangusha kilikuwa kikombe cha maji ya ndizi.

Tulikaa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa zamani wa mji, mtaa wa mafundi, ambako gari huingia likiwa limekufa na kutoka likipiga honi. Mume wangu alikuwa fundi wa injini. Lakini mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake, mjane mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo sijapata kumwona mtu akiipinga. Hakukosa swala hata moja, na Jumatatu na Alhamisi alifunga mwaka mzima, kana kwamba Ramadhani haikumtosha. Akipita barabarani, hata mafundi waliolala chini ya magari walitoa vichwa wakamsalimia.

Mimi nilikuja kwake kutoka milimani, juu ya mji. Nilisilimu ili niolewe, na nilisilimu kwa moyo, sikulazimishwa. Ila baba yangu alikuwa mpika urwarwa, ile pombe ya ndizi, na sisi watoto tulilala chumba kimoja na mitungi. Wanawake wa avenyu yetu walijua. Walikuwa wakarimu, walinifundisha kusoma Fatiha na kukaanga sambusa, lakini ulimi hauna mfupa. Siku moja nilikosea jambo dogo jikoni, sasa silikumbuki, nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: “Mutoto wa nyoka ni nyoka.”

Basi nikajifunza kusahau. Nilisahau kwa bidii. Pombe ikitajwa nilikunja uso kuwashinda waliozaliwa msikitini. Mara nyingine niliuliza maswali ya kijinga, ati, “Kwani inapikwa na nini?” Mungu anisamehe, mimi niliyejua kabla sijaota meno ya pili kwamba mtungi ukianza kunguruma usiuguse.

Vita vilipoanza, kule kwetu hakukubaki mtu. Baba, kaka zangu wawili, nyumba, migomba. Nayasema kwa mstari mmoja kwa sababu nikiongeza wa pili sitaendelea. Tangu hapo sikuwa na pa kurudi, na wenye midomo yao walilijua hilo pia.

Mwaka wa pili wa vita, asubuhi moja, mwanamke wa makamo alisimama langoni na hori la mti kichwani, refu kumzidi yeye. Alitoka Mutakura, kaskazini ya mji, ambako majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuchomeana nyumba. Watu walikimbia na magodoro, na redio, na kuku. Yeye alikimbia na hori lake na furushi la mirija.

“Hiyo ni nini?” mama mkwe akauliza.

“Ni hori ya kukamulia ndizi, mama.”

“Unakamua mutobe?”

“Mutobe, na urwarwa. Siwezi kukuongopea.”

Mama mkwe alimwangalia kitambo. Hakumuuliza ni wa kabila gani. Buyenzi ya miaka ile haikuuliza, na kwa hilo peke yake mtaa ule unastahili dua mpaka kiama. Alimwonyesha chumba cha nyuma kilichokuwa kikiwekwa matairi.

“Bon,” akasema. “Mutobe ni maji ya ndizi, ni halali. Utakamua hapa kwangu. Ile ingine, vuka avenyu. Lakini sikiliza. Tone moja ya pombe ikiingia kwenye hii parseli, ndani ya hii geti, we na hori yako mutatoka pamoja.”

“Nimesikia, mama.”

Ndivyo maisha yalivyogawanyika. Upande wetu, ndani ya ua, mutobe. Upande wa pili wa avenyu, nyuma ya gereji ya Mkongo mmoja, palisimama kibanda cha mabati na milango ya magari yaliyokufa, na humo mutobe uligeuka pombe. Barabara ya vumbi ya hatua kumi na tano ilitenganisha halali na haramu, na yule mama wa Mutakura aliivuka mara ishirini kwa siku.

Ndizi zilikuja kwa baiskeli. Njia za milimani zilifungwa, kwa hiyo zililetwa kutoka bondeni, upande wa Kajaga, na mara nyingine baiskeli haikuja, tukajua njiani kumekuwa na jambo. Zikifika, alizizika kwenye shimo nyuma ya choo, akalitandika majani makavu ya migomba na jivu la moto, akafukia. Siku nne. Kisha alizifukua zimeiva zote kwa pamoja, laini, zinanukia mpaka msikitini, tukazimenya, akazitia horini na nyasi kali, akaanza kukamua kwa mikono. Nyasi ndiyo siri. Ndizi peke yake ni uji, lakini ukiisugua na nyasi, maji yanakubali kutoka. Alikuwa na sharti moja, kwamba mtu asiseme neno la hasira karibu na hori. Sijui kama liliwasaidia wanywaji, ila lilitusaidia sisi.

Siku moja aliitwa kibandani katikati ya kazi. Nilibaki naosha vyombo, hori liko mbele yangu, povu halijatoka. Nikajiambia nisiangalie. Nikaangalia. Mara nikajikuta nimepiga magoti, nyasi mkononi, nasukuma na kuvuta namna baba alivyonifundisha, kwa viganja, vidole vimelegea. Povu likatoka, na maji yakafuata.

Alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Hiyo mikono imekwisha kukamua mbele ya leo.”

“Apana,” nikasema.

“Sawa,” akasema, akapiga magoti upande wa pili.

Hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile kila alipokamua aliniachia nafasi ya mtu mmoja kando ya hori, bila kuniita. Mama mkwe alituona, akasema tu kwamba mutobe ni halali kuunywa na ni halali kuukamua. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza hata mume wangu. Kila mtu nyumbani alinipa chakula na mavazi na heshima, yule mama alinirudishia mikono yangu.

Nilimsaidia kubeba bidoni, yale madumu ya plastiki, mpaka mlango wa kibanda. Ndani sikuingia, ningeanzia wapi kujitetea? Lakini mlangoni unaona mengi. Viti vilikuwa viti vya taksi mbovu, vya ngozi bandia, vimetoboka. Katikati kulikuwa na mtungi mmoja, na mirija imesimama ndani yake, na watu wameuzunguka magoti kwa magoti. Kwa kuwa usiku watu walikatazwa kutoka, na wengine walikwenda mbali, walianza kunywa saa tisa mchana, kwa haraka kidogo, kama wanaokwenda kazini. Nje, mtu wa mtaa fulani hakuweza kupita mtaa fulani akabaki hai. Mle ndani mtu wa huku na mtu wa kule walinyonya mtungi mmoja. Yule mama alikuwa akionja kwanza yeye, mbele ya wote, kama desturi inavyotaka, ili ijulikane hakuna sumu. Kisha alitangaza: “Mwenye murija hasemi.” Ukitaka kuzungumza siasa utoe mrija mdomoni, utoke nje, useme na magari. Nilimwona mwalimu mmoja akitoka, akasema peke yake dakika tano mbele ya lori lisilo na magurudumu, akarudi ametulia.

Mama mkwe naye alikunywa mutobe kila Ijumaa, kikombe kimoja, na hakuusifu kamwe. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu: “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.” Lakini kikombe alikimaliza mpaka chini.

Sasa nifike kwenye Ramadhani ile. Ijumaa ya pili mama mkwe alitaka kusoma hitima ya marehemu mume wake na kufuturisha wazee wa msikiti na majirani. Marehemu alipenda mutobe, kwa hiyo futari ilikuwa lazima iwe na mutobe, bidoni nne. Tuliamua kuukamua Alhamisi asubuhi, kwa sababu Ijumaa ingekuwa siku ya kupika.

Jumatano jioni risasi zililia karibu, upande wa mto Ntahangwa. Yule mama alifunga kibanda mbio, akavusha avenyu kila alichoweza kubeba, na katika hivyo kulikuwa na bidoni moja ya njano ambayo kwa kawaida haikutoka upande ule. Ilikuwa ya machicha, yaani ile pombe nzito ya chini ya mtungi inayowekwa akiba ili iamshe pombe mpya. Alikuwa ameimwaga, imebaki tupu. Aliiweka pembeni kwenye ukuta.

“Hii usiiguse,” akaniambia. “Maji yakirudi nitaiosha na maji moto.”

Asubuhi yake bomba lilikuwa bado kavu. Alhamisi tukakamua, yeye na mimi, na kazi ilipokaribia kwisha akaitwa na mwenye gereji. Nikabaki kujaza bidoni. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne niliyoiandaa ilikuwa imepasuka chini. Mutobe unasubiri horini, nzi wamekuja, jua linawaka, nina njaa ya mfungo, na mama mkwe anauliza kutoka barazani kama nimemaliza. Nikaiangalia ile ya pembeni. Nilikumbuka alichosema, sitadanganya. Niliipindua, nikaitikisa, halikutoka hata tone. Nikajiambia, kilichokauka kitafanya nini? Binti wa mpika pombe, nikauliza kilichokauka kitafanya nini! Baba angecheka mpaka akae chini. Nikaijaza, nikaifunga kwa nguvu, na aliporudi nilikwisha zipanga zote nne chini ya kitanda changu, kwenye kivuli.

Ijumaa magharibi ua ulijaa. Wanaume kwenye mkeka mkubwa, wanawake barazani. Tende zikapita, uji ukapita. Bidoni tatu za kwanza zilikwenda kwa wanawake na watoto na jirani wasioweza kutoka. Ya nne niliifungua kwa ajili ya mkeka wa wanaume. Mama mkwe alikuwa hatua moja kutoka kwangu, ameshika sinia la vikombe.

Kifuniko kilitoa pumzi. Kisha harufu ikapanda.

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa furaha. Ilikuwa harufu ya chumba chetu cha utotoni, na baba akikohoa gizani, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilikuwa na watu wangu wote. Halafu nikaelewa nimeshika nini.

Ningeweza kuifunga. Ningesema imemwagika, imeingia mende, lolote. Lakini nilijua swali litakalofuata: umejuaje? Mutobe wa siku moja na nusu uliochacha kidogo, nani anautambua kwa harufu, kabla ya kuonja, isipokuwa aliyezaliwa nao? Nilisimama pale na kifuniko mkononi.

“Kuna nini?” mama mkwe akauliza.

“Hakuna kitu, mama.”

Aliiangalia bidoni, akaniangalia mimi, akasogeza sinia.

“Mimina,” akasema.

Nikamimina.

Mzee mshonaji, aliyekuwa mkubwa wao pale, alikunywa kikombe chake chote akanyoosha mkono apewe kingine. Wengine wakanywa. Nilianza kuamini Mungu amenifichia aibu yangu. Kisha kijana mmoja mchuuzi, aliyezoea kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na kurudi, akaweka kikombe chini.

“Hii ni pombe,” akasema.

Ukazuka mtafaruku. Wazee wanasukutua midomo, mmoja anajitia kidole kooni, mume wangu amesimama katikati mikono kichwani anasema, “Aibu gani hii, aibu gani hii.” Mzee mshonaji ndiye aliyewatuliza. Alisema aliyekunywa bila kujua hana dhambi.

“Na mwenye ameleta?” kijana akauliza. “Hii nyumba ni ya Waislamu. Mupika pombe iko anafanya nini humu?”

Yule mama aliitwa kutoka chumba chake. Alikuja anajifuta mikono. Akachukua bidoni, akanusa mdomo wake, akaigeuza, akaona ni ipi. Kisha akaniangalia. Hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono.

“Kosa ni yangu,” akasema. “Bidoni ni ya kwangu. Ni mi niliileta hapa.”

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo, na nikaufunga.

“Siku ya kwanza nilikwambia nini?” mama mkwe akauliza, kwa ile sauti yake ndogo.

“Uliniambia, mama.”

“Siku tatu.”

Siku tatu kwenda wapi? Kila mtu aliyekuwa pale alijua. Nani Buyenzi angempangisha mwanamke aliyewanywesha pombe wazee wa msikiti siku ya hitima? Kibandani hakuweza kulala, mwenye gereji alifunga geti usiku na hakutaka mtu ndani. Ilibaki Mutakura. Mwezi mmoja kabla, mwanamume mmoja aliyekuwa akinywa kwenye kibanda kile alirudi Mutakura mchana kweupe kuchukua mlango wa nyumba yake. Mlango ulionekana barabarani. Yeye hakuonekana.

Jumamosi nilimfuata chumbani. Alikuwa anafunga mirija yake kwenye kitambaa, kwa utaratibu, mirefu na mirefu, mifupi na mifupi. Nikaanza kulia.

“Nyamaza,” akasema. “Watasikia.”

“Kwa nini ulisema ni we?”

“Ningesema nini? Ukisema ni we, watasema umerudia ya kwenu. Nimewasikia hao mama wakisema, nina masikio. Mi nimezoea kuondoka na hori yangu kwa kichwa. We huna hata hori.”

“Lakini Mutakura…”

“Mungu iko hata Mutakura.” Kisha akacheka kidogo, kwa pua. “Iko kidogo, lakini iko.”

Alinikataza nisiseme. Na mimi, kwa aibu yangu, nilishukuru kukatazwa. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Mchana wateja wake walikuja kama kawaida wakakaa kwenye viti vya taksi bila mtungi, hawakuwa na pengine pa kukaa pamoja. Nilifunga, niliswali, nilipika futari, na kila niliposema “amina” nilijisikia mwongo. Jumatatu baada ya alfajiri nikasikia magurudumu ya mkokoteni uani. Alikuwa anafunga hori kwa kamba.

Mama mkwe alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye ungo. Niliingia nikasimama mbele yake. Sikujua nitaanzaje, kwa hiyo nilianza tu.

“Mama, ile bidoni ni mi niliijaza.”

Vidole vyake viliendelea na mchele.

“Ulijua ilikuwa na machicha?”

“Nilijua.”

“Na ulipoifungua?”

Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kubaki na kosa la haraka, kosa la njaa, ambalo mtu yeyote angelisamehe.

“Nilisikia harufu,” nikasema. “Mbele ya kumimina.”

Vidole vikasimama. Nilingoja aniambie nikakunje nguo zangu. Nilikwisha kuzihesabu kichwani, zingeingia kwenye kanga mbili.

“Mi pia,” akasema.

Sikumwelewa. Akainua uso, na nikaona macho yake yamejaa maji, yeye ambaye siku ya kumzika mumewe alisimama wima.

“Nilikuwa karibu na we. Nilisikia harufu. Kwani mi nilizaliwa wapi? Kwetu walikuwa wanapika urwarwa, baba yangu, na babu yangu. Nilikuja hapa kuolewa niko na miaka kumi na sita. Wenye walikuwa wanajua wamekufa wote, na mutoto wangu hajui. Nikajiambia, nikizuia vikombe, wataniuliza nimejuaje.” Akaweka ungo chini. “Miaka makumi ine nafunga Jumatatu na Alhamisi. Na mutu akifungua bidoni, pua inakumbuka.”

Nilitaka kumshika mkono, sikuthubutu. Tulikaa pale wawili, mama mkwe na mkazamwana, kila mmoja na woga wake uleule, na nje mkokoteni ukaanza kutembea.

Alisimama ghafla. Sijawahi kumwona akikimbia, wala kabla wala baadaye, na hata siku ile sitasema alikimbia, ila viatu vyake vilibaki jikoni. Yule mama alikwisha fika mwisho wa avenyu. Mama mkwe alimpita, akasimama mbele ya mkokoteni, akaushika mpini kwa mikono miwili.

“Rudisha.”

“Mama, siku zangu zimekwisha.”

“Siku ni zangu, ni mi nilizitoa. Rudisha.”

Wakabishana kidogo, kwa adabu, kama watu wanaogombea kulipa nauli. Mafundi wakatoa vichwa chini ya magari. Mwishoni tuliusukuma mkokoteni sote watatu kurudi nyumbani, na mama mkwe, pekupeku, hakuachia mpini mpaka ukaingia langoni. Yule mama alikaa nasi miaka tisa mingine, mpaka njia ya Mutakura ikawa njia tu, na kibanda chake kilifunguliwa Jumatatu ileile saa tisa mchana.

Lakini lilibaki jambo moja. Aibu ilitolewa mbele ya watu, na mama mkwe alikuwa mtu wa kusema kinachotolewa mbele ya watu kirudishwe mbele ya watu. Jumatatu hiyohiyo akatuma waitwe wote waliokuwa kwenye mkeka ule, waje kufuturu tena. Walikuja, baadhi yao wakivitazama vikombe kwa mashaka. Walipomaliza tende, akatoka barazani akasimama mbele yao, amejifunika vizuri, mikono imeshikana mbele.

“Ile mutobe ya Ijumaa,” akasema, “yule mama hakuwapa. Ilitoka nyumbani mwangu. Na mi nilijua imekwisha kuwa pombe. Nilisikia harufu mbele ya nyinyi kukunywa. Naijua ile harufu kwa sababu nimezaliwa kwa watu wanaopika urwarwa. Sikuwaambia kwa sababu ya haya. Nimemutupia mutu mwingine makosa yangu kwenye mwezi mutukufu. Namuomba Mungu musamaha, na nyinyi, na yeye.”

Mume wangu alikuwa anamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Hata yule kijana wa Uvira aliinamisha kichwa. Mzee mshonaji akakohoa, akaangalia mkeka, akakohoa tena.

“Mama,” akasema, “mi nilikunywa vikombe viwili. Cha pili niliomba mwenyewe. Nilidhani umetia tangawizi.”

Mmoja akacheka, akajizuia, mwingine akashindwa kujizuia, na mkeka mzima ukaangua kicheko, na barazani wanawake nao, wakiwemo wale wa mtoto wa nyoka. Yule mama wa Mutakura alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nyuma ya mama mkwe, mlangoni, nimeshika sinia la vikombe, nikingoja afike kwenye jina langu. Alisema “mi” na “mi” na “mi”, kisha akasema alhamdulillahi, akageuka, akanichukulia sinia mikononi. Hakunitaja jioni ile, wala kwa mwanawe, wala siku zote tulizoishi pamoja baadaye, mpaka nilipomuosha kwa mikono hii tukamzike.